Haipatikani kwa Sasa

Kutoka Kewanja hadi Kehancha ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka. Kewanja iko Nyamongo, wilayani Tarime, miongoni mwa vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara. Ukivuka mto Mara kwenda kusini unaingia wilaya ya Serengeti. Kehancha iko Kenya. Wakurya wanaishi pande zote mbili, na waliochora mpaka hawakumuuliza mtu shangazi yake anakaa wapi. Anayetaka kumwona ndugu yake upande wa pili anapanda gari hadi Tarime mjini, anavuka Sirari, na kabla jua halijazama ameshakaribishwa ugali.

Ujumbe wa intaneti ulikuwa na safari yake. Kabla ya 2009, pwani yote kuanzia Somalia hadi Msumbiji haikuwa na mkongo hata mmoja wa baharini wa kuiunganisha na intaneti ya dunia. Mgodi ulikuwa umeanza uzalishaji 2002. Aliyetaka intaneti mbali na miji mikubwa miaka hiyo alitazama juu, kwenye dishi. Pakiti iliyotoka upande mmoja wa mpaka kwenda upande wa pili ilipanda hadi kwenye setilaiti, ikashuka Ulaya au Marekani, ikakabidhiwa kampuni nyingine huko ughaibuni, ikapanda tena, kisha ikashuka Kenya. Setilaiti za aina hiyo huzunguka kilomita 35,786 juu ya ikweta. Panda, shuka, panda, shuka: kilomita 30 ziligeuka kuwa zaidi ya 140,000, na jibu lilikuwa bado halijaanza safari ya kurudi.

Safari hiyo inapimika, na kipimo chake ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Unaandika neno ping kwenye kompyuta, unaongeza jina la seva unayoitafuta, unabonyeza. Kompyuta inatuma pakiti ndogo yenye ombi moja tu: nirudishie hiki nilichokutumia. Seva ikiwa hai, na njia ikiwa nzima kwenda na kurudi, pakiti inarudi vilevile ilivyokwenda, kama mwangwi wa mtu aliyeita bondeni. Kompyuta inahesabu muda uliopita kwa milisekunde na kukuandikia. Kazi imekwisha. Hakuna barua ndani yake, hakuna picha, hakuna habari.

Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Hii ni hodi. Anayepiga hodi hajasema shida yake. Anauliza tu kama kuna mtu. Anayejibu karibu naye hajasema lolote zaidi ya kwamba yupo, na kwamba njia ya kumfikia iko wazi. Hata namna za kukosa jibu zinafanana. Wakati mwingine ruta iliyo katikati ya njia inakurudishia taarifa kwamba huko unakokwenda hakufikiki: huyo ni jirani anayekuambia kupitia dirishani kwamba wenyewe wameenda shamba. Wakati mwingine hurudishiwi chochote, na kompyuta, ikichoka kusubiri, inaandika kwamba muda umekwisha. Huo ni mlango uliofungwa na ua ulio kimya. Pwani hukwambia ukipiga hodi mara tatu bila kujibiwa, ondoka zako. Hawakwambii kwa nini hukujibiwa. Mwenye nyumba anaweza kuwa amelala, amesafiri, amekufa, au yuko palepale ndani anakusikia na ameamua kunyamaza.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niifuatilie historia ya kitu kidogo kama hiki.

Aliyeandika programu ya ping ni Mike Muuss, mtaalamu wa kompyuta katika maabara ya utafiti wa silaha ya jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland. Kanuni za ombi la mwangwi zilikuwapo tayari; Jon Postel alikuwa amezichapisha Septemba 1981. Julai 1983, kwenye mkutano nchini Norway, Muuss alimsikia David Mills akigusia kwamba ameyatumia maombi hayo kupima jinsi njia za mtandao zinavyochelewa. Desemba mwaka huohuo mtandao wa maabara ukaanza vituko. Muuss akakumbuka maneno ya Mills, akakaa usiku kuandika. Programu ikakataa kufanya kazi, kwa sababu mfumo wenyewe wa kompyuta haukuruhusu maombi ya namna hiyo. Kwa hasira akaandika na sehemu ile ya mfumo, na kabla ya alfajiri kila kitu kilikuwa tayari. Ila kabla hajatuma pingi yake ya kwanza, mwenzake kazini alikuwa ameshakipata kifaa kibovu na kukitengeneza.

Jina alilitoa kwenye sauti ya sona, ile ambayo nyambizi huitupa majini na kusikiliza inavyorudi, kwa kuwa chuoni alikuwa ameshughulika sana na hesabu za sona na rada. Aliandika baadaye kwamba kama angejua hilo ndilo litakalompa umaarufu maishani, angelifanyia kazi siku moja au mbili zaidi. Alifariki Novemba 2000 kwa ajali ya gari barabarani, akiwa na umri wa miaka 42. Mwaka huo wengi wetu tulikuwa bado hatujaigusa kompyuta.

Lakini tulikuwa karibu kuanza kupiga pingi, kwa njia yetu. Simu za mkononi za kulipia kwanza zilipoenea, ilionekana haraka kwamba simu iliyoita na kukatwa kabla haijapokelewa haikuli salio. Hapo ndipo kubipu kulipozaliwa. Bipu nayo haina kitu ndani. Ina namba ya aliyepiga na wakati aliopiga, na maana yote wameshaikubali wawili hao kabla: nimefika salama, niko getini, nipigie wewe mwenye vocha. Mtafiti Jonathan Donner alichunguza jambo hili Rwanda na kuchapisha makala yake 2007, akionyesha kwamba watu walikuwa na sheria kamili zisizoandikwa. Mwenye pesa ndiye anayepaswa kupiga. Kijana anayemtongoza msichana hambipu, atajiaibisha. Nadhani kila aliyekulia Tanzania au Kenya angeweza kumwongezea Donner kurasa kadhaa.

Kilichosahaulika ni kwamba bipu ilikuwa pia kipimo. Ikiita, umejua simu ya mwenzako imewashwa, betri ina chaji, mnara wa kwao unafanya kazi. Kijijini ambako simu ilipelekwa kibandani kuchajiwa kwa malipo, hizo hazikuwa habari ndogo. Isipoita, sauti ya mwanamke ilikujulisha kwa upole kwamba namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Lugha ilichagua kitenzi kizuri. Haikusema imezimwa, haikusema imeibiwa, haikusema mwenyewe kafa machimboni. Haipatikani.

Wakati sisi tunabipiana, kulikuwa na mtu California aliyekuwa akitupigia pingi kwelikweli. Les Cottrell, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya fizikia ya SLAC, ya Chuo Kikuu cha Stanford, aliongoza mradi ulioitwa PingER. Ulianza 1995 kwa ajili ya wanafizikia waliotaka kujua kama viungo vya mtandao kati ya maabara zao vina afya. Taratibu ukapanuka hadi kupima nchi nyingi duniani, za Afrika zikiwamo. Mbinu ilikuwa ileile ya Muuss: tuma pingi kadhaa kila nusu saa, andika zilizorudi, andika zilizopotea, andika muda. Fanya hivyo miaka na miaka. Kutokana na hodi hizo walichora grafu zilizoonyesha Afrika ikiwa nyuma ya Ulaya kwa zaidi ya miaka kumi, na wakizipeleka kwenye mikutano ambako maneno matupu yasingesikilizwa.

Setilaiti haikuweza kujificha kwenye grafu zile. Nuru na mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, wala hakuna fundi wa kuyaharakisha. Kwenda na kurudi kupitia setilaiti ile ya juu ni milisekunde 477 hata kama kila kitu kingine kingechukua sifuri. Kwa hiyo pingi iliyorudi kwa milisekunde mia sita au mia saba ilikuwa inakiri ilikopita. Nchi yenye mkongo ilijulikana, nchi yenye dishi ilijulikana, bila kumuuliza waziri.

Na hata pale ambapo nyumba mbili zilikuwa mtaa mmoja, dishi liliwatenganisha. Nairobi, mwishoni mwa 2000, makampuni ya intaneti yalianzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, ili barua pepe ya kutoka Westlands kwenda katikati ya jiji isizunguke ng'ambo ya bahari. Telkom Kenya ililalamika, na mamlaka ya mawasiliano ikakifunga. Kilifunguliwa tena 2002. Tathmini iliyotolewa na shirika la Internet Society miaka kumi baadaye ilionyesha kwamba mawasiliano ya ndani yaliyokuwa yakichukua milisekunde kati ya 200 na 600 yalishuka hadi kati ya 2 na 10. Dar es Salaam ilipata kituo chake, TIX, 2004. Haikuhitajika bahari wala mchanga kuchimbwa. Zilihitajika waya chache ndani ya chumba kimoja, na watu wa makampuni yanayoshindana kukubali kukaa pamoja.

Bahari ilikuja 2009. Pwani yetu haikuwa ngeni kwa waya wa chini ya maji. Kampuni ya Eastern and South African Telegraph iliiunganisha Zanzibar na Aden mwaka 1879, enzi za Sultani Barghash. Miaka 130 baadaye, Juni 2009, mkongo wa TEAMS kutoka Fujairah ulifika Mombasa, na tarehe 23 Julai SEACOM ilizinduliwa, ikiwa na vituo Dar es Salaam na Mombasa. EASSy ikafuata 2010. Mkongo wa Taifa nao ulianza kujengwa 2009, ukipanda bara mkoa kwa mkoa. Kwenye kioo cha fundi yeyote aliyekuwa na dirisha la ping lililo wazi wakati kampuni yake inahamishwa kutoka dishini kwenda mkongoni, badiliko lilionekana kwa jicho: milisekunde mia sita, mia sita na kumi, mia sita na mbili, kimya kidogo, halafu mia mbili. Sijui uzinduzi gani wa utepe ungeweza kulieleza jambo hilo vizuri kuliko hizo namba.

Nimekaa sana kwenye majibu. Niende kwenye kimya.

Kwanza, hodi yenyewe ilichafuliwa. Mwaka 1996 iligundulika kwamba pingi kubwa kupita kiasi, iliyozidi baiti 65,535, iliweza kuangusha kompyuta za aina nyingi. Wakaiita pingi ya mauti. Baadaye wahuni wakajifunza kuilazimisha mitandao mizima imjibu mtu mmoja kwa pamoja hodi ambazo hakuzipiga, hadi azidiwe. Wenye seva wakaanza kuzikataza zisijibu pingi, na mwaka 2004 Windows XP ilipopata ukuta wa ulinzi unaojiwasha wenyewe, kompyuta nyingi za nyumbani zikanyamaza kwa wageni. Tangu hapo, kukosa jibu si ushahidi wa kifo. Mwenye nyumba amefundishwa asijibu.

Pili, mikongo hukatika. Februari 2012 meli iliyotia nanga mahali pasiporuhusiwa nje ya bandari ya Mombasa iliukata TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika pamoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulifunga milango kwa siku mbili kwa sababu ya mtandao mbovu. Kimya cha namna hii kina tabia yake. Hakiheshimu mipaka: kinagusa nchi kadhaa zinazotumia waya uleule. Mara nyingi si kimya kamili, maana kampuni zenye njia ya ziada huhamisha mizigo, pingi zikarudi kwa kuchelewa, nyingine zikipotea. Na ndani ya nchi hodi bado hujibiwa. Mwanza bado inaisikia Dar.

Tatu, kuna anayenyamazisha. Uganda, jioni ya 13 Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, intaneti ilizimwa na kurudi siku tano baadaye. Hapakuwa na fumbo; mamlaka ya mawasiliano ilikuwa imeyaagiza makampuni kufunga. Kenya, 25 Juni 2024, mambo yalikuwa magumu zaidi kuyasoma. Alasiri ileile vijana walipoingia Bungeni kuupinga Muswada wa Fedha, intaneti ilianguka. Siku moja kabla, mamlaka ilikuwa imesema haina nia ya kuizima. Safaricom na Airtel zikasema ni hitilafu ya mikongo ya baharini. Uganda na Burundi, ambazo hupitisha mawasiliano yao Kenya, zilitetereka saa zilezile, jambo linaloafikiana na hitilafu ya mkongo, na pia linaloafikiana na kitu chochote kinachoipata Kenya. Pingi ilisema saa na mahali. Mengine watu waliyajaza kulingana na nani wanamwamini.

Kwa kuwa kimya kimekuwa na maana nyingi hivi, ikazuka taaluma ya kukisikiliza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walichapisha mwaka 2013 mbinu waliyoiita Trinocular: dunia inagawanywa katika mafungu ya anwani 256, na kila fungu linapigiwa hodi kila dakika 11. Anwani moja ikikosa kujibu si habari. Simu inaweza kuwa imeisha chaji. Fungu zima ambalo kwa kawaida hujibu likinyamaza, na la jirani, na la jirani yake, kuna jambo. Mradi wa IODA, ambao sasa uko taasisi ya teknolojia ya Georgia, unatumia mbinu ya ukoo huo pamoja na vipimo vingine, na matokeo yake huchorwa kwa mistari ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, mistari ya Tanzania ilianguka.

Ilianguka nchi nzima, mchana, huku maandamano yakiwa yameanza mijini. Mikongo inayotua Dar es Salaam ni ileile inayotua Mombasa, au dada zake, na Mombasa iliendelea kujibu. Kampala ikajibu. Kigali ikajibu. Mpakani Sirari, ambako simu huweza kushika minara ya nchi mbili, mstari kati ya anwani zinazojibu na zisizojibu ulikuwa umepita palepale ulipochorwa mpaka wa wakoloni. Nanga ya meli haijui kufuata mpaka namna hiyo. Watu waliuawa katika siku zile, na idadi yao imebaki jambo la mabishano makali. Sehemu ya sababu ya mabishano hayo ni kwamba kwa siku tano aliyeona alikuwa hawezi kumwonyesha asiyeona.

Waliokuwa nje ya nchi, Nairobi, Muscat, Minneapolis, walikuwa na kipimo chao, na hakikuhitaji kuandika amri yoyote. WhatsApp huweka tiki moja ujumbe unapofika kwenye seva ya kampuni, na ya pili simu ya unayemwandikia inapoupokea. Tiki ya pili ni mwangwi. Watu waliandika mko salama, wakaona tiki moja. Wakaandika tena. Wengine hawakuandika maneno. Walituma nukta tu, au alama ya kuuliza, halafu wakaiweka simu mezani kioo kikitazama juu. Kipimo kile hakikutofautisha nyumba iliyozimiwa intaneti na nyumba iliyopatwa na msiba.

Tarehe 3 Novemba anwani zikaanza kujibu. Hazikujibu kwa mara moja; mstari ulipanda kwa ngazi. Nukta zilizotumwa siku tano kabla zikapata tiki ya pili, moja baada ya nyingine, na kwenye makundi ya familia watu wakaanza kuitana majina, wakihesabu nani ameshaitika.